Rehani ya Gathecha

Gathecha, dereva wa trela, alinikopa elfu mbili
siku mizani ya Shimanzi ilipoharibika na malori yakalala foleni.
Akaniwachia rehani: kaseti moja, jalada limepauka,
mzungu wa kofia pana amekaa juu ya uzio
anatazama kitu ambacho mpiga picha hakukitia.
"Itunze," akasema. "Hiyo ni dawa."
Nikacheka. Mimi, wa Kibokoni, mjukuu wa mpiga udi,
nitibiwe na mchunga ng'ombe?

Ulikuwa mwezi wa tatu tangu Salha kuondoka
na mtaa mzima ulikuwa ukiniambia bila kuniambia.
Shangazi alileta mkate wa sinia, akasema
maji yakimwagika hayazoleki, kisha akaomba chai.
Jirani alianika kanga mkabala na dirisha langu,
maandishi yamenielekea mimi.
Shebwana kinyozi, wembe shingoni mwangu,
akauliza kama yule paka wangu amerudi.
Sina paka.

Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu moyo ukivunjika
huitwa ua lililonyauka, huitwa kahawa iliyopoa,
huitwa kila jina ila lake.
Harusini wanawake huinuka na noti zao kumtuza mwimbaji
aliyesema waliloshindwa kulisema,
na mwenye kuambiwa hujijua,
akatulia kitini akijipepea.
Nayapenda haya. Nimeyanyonya.
Lakini fumbo ni mlango,
na usiku ule sikuwa na mkono wa kufungulia mlango.

Nikaitia kaseti kwenye redio ya marehemu baba.
Kwanza mvumo wa utepe, kama kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu.
Kisha gitaa, si hili la kwetu:
nyuzi zinateleza, noti inaondoka mapema
inafika imechelewa, na njiani imezeeka.
Kisha yule bwana, sauti ya puani, hana haraka.
Kiingereza changu ni cha stakabadhi na makontena.
Kilitosha.
Alisema: ameondoka.
Alisema: sahani yake bado ipo.
Alisema: nimekunywa, haikusaidia, kesho nitakunywa tena.
Basi. Hapana ua, hapana kahawa.
Nyimbo kumi na moja, na mwanamke yule
harudi hata katika mmoja.

Nikaenda jikoni.
Sahani yake ilikuwapo.

"Nani huyo anayelia?" mama aliuliza kutoka chumba cha juu.
Mzungu, mama.
"Kafiwa?"
Kaachwa.
Kimya. Feni inazunguka.
"Maskini. Mwambie apunguze sauti, watu wamelala."

Nikamsikiliza usiku baada ya usiku, sauti chini,
utepe ukinasa nikiuzungusha kwa kalamu ya wino
kama mtu anayerudisha uzi kwenye pindo.
Sikupona. Nani kasema nyimbo huponya?
Ila nilipata mtu wa kukaa naye
asiyenishauri, asiyenitafutia mchumba Lamu,
asiyesema Mungu ana makusudi yake,
ingawa anayo.
Na usiku mmoja nilipochelewa kazini
nilimkuta mama amekaa kwenye ngazi, buibui begani:
"Yule mzungu wako leo haji?"

Gathecha alirudi mwezi wa Shaabani, vumbi la Mariakani kwenye kope,
elfu mbili mkononi, noti zimelowa jasho.
Makuli walikuwa wakipakua mchele, wakihesabu kwa sauti.
Nilikuwa nimejitayarishia uongo: utepe umekatika.
Badala yake kinywa changu kikasema
"Salha ameniacha,"
hivyo hivyo, mchana kweupe,
maneno mawili yasiyo na harufu ya asumini.
Kuli mmoja akapoteza hesabu, akaanza tena: moja.

Gathecha hakusema pole.
Akazihesabu noti, akanilipa zote.
Kaseti hakuiulizia.
"Upande wa pili," akasema akipanda trela,
"wimbo wa nne. Hata mimi, mpaka leo, nikifika Mtito
huuzima kabla haujaisha."